Mama Aliyenywesha Nyumba Maji

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa nne asubuhi, jua la Februari limeanza kuchemsha mabati ya Silanga, mtaani Kibera, na pale kichochoro kinapoteremka kuelekea Bwawa la Nairobi anatokea mama mfupi aliyebeba kichwani bunda la waya ya kuku. Bunda ni kubwa kuliko yeye. Uso huuoni. Unaona leso, unaona ndara mbili za rangi tofauti, na hapo juu waya inayumba kushoto na kulia ikikwaruza kuta za watu. Kila inapokwaruza, mtu anatoa kichwa mlangoni kuuliza ni nani huyo anabomoa, kana kwamba kuta zenyewe zilihitaji msaada wa mtu ili zibomoke.

"Mama Everlyne! Kwani umeanza kufuga?" aliuliza Nereah, mama yake Austine, muuza chapati wa mlango wa pili, bila kuondoa macho kwa kikaango.

"Eh."

"Kuku wangapi?"

"Mmoja tu. Ni mimi."

Kufikia saa sita habari ilikuwa imeshafika Gatwekera, upande wa pili wa Kibera, na njiani ilikuwa imekula ikanenepa: mama mmoja Mkamba kule bwawani amerukwa na akili, anajijengea kizimba, na atakuwa anataga humo.

Jina lake ni Kalondu. Kwao ni Kitui, upande wa Mutito, mahali ambapo maji hutafutwa na punda. Alipokuwa msichana, akina mama wa kikundi chao walifundishwa kujenga matangi. Unafunga vyuma vyembamba kwa umbo la mviringo, unavivisha waya ya kuku mara nne, unapaka plasta nje na ndani, na ukuta unaisha ukiwa na unene wa vidole viwili. Tanki hilo linashika maji ya shule nzima, na watoto waliokunywa maji yake wanarudi siku moja na watoto wao wanalikuta pale pale. Wataalamu wanaita kitu hicho ferosimenti, kwa sababu mtaalamu akisema tu "waya na plasta" hawezi kupewa posho ya safari. Kalondu alijenga matangi kumi na saba. Cheti hana. Ana makovu ya waya kwenye vidole, lakini hayo, kama unavyojua, hayawezi kupigwa mhuri.

Nairobi alikuja kumfuata mume aliyekuwa amepata kazi. Alipofika akakuta ni kweli, mume amepata kazi, tena amepata na mke. Kalondu hakupiga kelele. Alimchukua binti yake Everlyne mgongoni, akaenda Kawangware, akaomba kazi kwa mjengo. Aliwaambia kwamba anajua plasta. Wale wanaume wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakamwambia mwiko wake uko jikoni. Wakampa ndoo. Alibeba maji na mchanga miaka sita, akiwatazama wakipaka kuta ambazo zilianza kupasuka kabla rangi haijakauka, na hakusema neno, maana aliyebeba ndoo hatakiwi kuwa na macho.

Baadaye alihamia Silanga, akapata kipande cha shamba kando ya bwawa na meza ya kuuzia sukuma wiki, na chumba cha futi kumi kwa kumi kwenye ploti ya Mzee Kimotho.

Hiyo ploti ina vyumba kumi. Ilijengwa kwa udongo na mabati na babake Kimotho, kwa muda tu, na muda huo sasa umefikisha miaka hamsini na kitu. Kimotho mwenyewe anaishi Ngong, nyumba ya mawe, vyumba vinne vya kulala, kwa hiyo anajua vizuri sana ubaya wa mawe na hataki wapangaji wake wakutane nao. "Nyumba ya kudumu serikali hairuhusu huku," husema, akiweka mkono kifuani kama mtu anayesoma rambirambi.

Chumba cha Kalondu ni cha kona, upande ambao maji ya mvua kutoka juu hupitia yakienda bwawani. Mvua ndefu ya kwanza, ukuta wa nyuma ulianguka. Ya pili ukaanguka wa mbele, ili kusiwe na upendeleo. Ya tatu zikaanguka zote mbili pamoja na godoro, redio na magunia mawili ya viazi, na Kalondu akatolewa na majirani akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Kimotho alituma mabati mawili na salamu za pole. Mabati yalikuwa na matundu. Salamu zilikuwa nzima.

Ndipo Everlyne, ambaye sasa ni mtu mzima, msusi, ana mume na mtoto na ghorofa ya nne huko Kawangware, alipoanza kupiga simu kila jioni.

"Mum, sofa iko. Si ukuje tu?"

"Na mboga zangu?"

"Mum, aki ya nani, utasombwa na maji ukishika sukuma wiki?"

Kalondu anampenda binti yake. Lakini alikuwa ameshakaa kwenye lile sofa wiki mbili baada ya mafuriko, na alijua linavyokuwa. Unakalishwa. Unaletewa chai. Unaitwa cucu, bibi kizee, na kuambiwa "pumzika" na mtu ambaye hujamwambia umechoka. Miguu ikitaka kutembea, kuna ngazi za ghorofa nne. Alimwambia Nereah, "Nikienda kule nitakufa nikitazama sinema za Wafilipino, na sitajua hata ile sinema iliishaje." Alichotaka ni kimoja: mahali pake, pakavu, kando ya shamba lake, ambapo mlango anafunga yeye.

Basi tarehe tano, siku ambayo Kimotho huja kuona wapangaji wake anaowapenda sana kila tarehe tano, Kalondu alimsimamisha mbele ya ile kona iliyokuwa imebaki nguzo na huzuni.

"Mzee, hapa pameanguka mara tatu. Hakuna mtu mwingine atapakodi. Niachie nijenge mwenyewe."

"Na nini?"

"Waya na plasta."

"Mama, mawe hapana."

"Si mawe."

"Matofali hapana."

"Si matofali."

Kimotho akapitia kichwani orodha yote ya vitu vilivyokatazwa, na ikaonekana hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kukumbuka kukataza waya ya kuku. Akamgeukia Oloo.

Huyu Oloo lazima nikwambie. Ni mpangaji wa chumba cha nne, anaitwa Fundi, na alikuwa pale zilipojengwa zile nyumba za serikali za Soweto East. Utajua alikuwa pale kwa sababu atakwambia. Alifanya nini hasa pale, hiyo hakuna aliyewahi kuipata sawasawa, ila helmeti anayo mpaka leo na huivaa kwenda dukani kununua maziwa.

"Fundi, hii kitu inawezekana?"

"Mzee, mimi nilikuwa kwa zile floor za Soweto East. Ukuta ni inchi sita. Huyu mama anataka kujenga ukuta wa unene wa chapati."

"Chapati ya leo ama ya jana?" akauliza Nereah. "Ya jana ni ngumu."

Kalondu hakucheka. "Fundi, sufuria yako ina unene gani?"

"Sufuria ni sufuria."

"Imekaa kwa moto miaka mingapi?" Oloo akaangalia juu, na Kalondu akaendelea. "Bati likilala, hata paka akikanyaga linabonyea. Likunje liwe kama pipa, utasimama juu yake na hiyo helmeti yako. Si unene unabeba. Ni kule kujikunja, na ile waya iliyo ndani."

Watu walikuwa wameshajaa, na Kimotho ni mtu anayependa kuwa mkarimu mbele ya watu hasa pale ukarimu wenyewe haumgharimu kitu. "Sawa," akasema kwa sauti ya kanisani. "Jenga. Ikimaliza mvua ndefu ikiwa imesimama, utakaa miaka mitatu bila kunilipa kodi. Lakini nikipata imepasuka na imeingiza maji, hata kijiko kimoja, unabeba waya yako unaenda kwa mtoto wako Kawangware. Nyinyi wote mmesikia."

Wote tulisikia. Wengi wetu tulianza kumwonea huruma hapo hapo, ambayo ni njia nzuri ya kutomsaidia mtu.

Alianza na msingi, akajaza mawe na vifusi mpaka juu ya goti, ili maji yakija yapite chini kama mgeni asiyekaribishwa. Kisha mchanga. Mchanga wa Nairobi hutoka Machakos na Kitui. Mito ya Ukambani inapakiwa kwa lori kila siku kuja kujenga mji, kwa hiyo Kalondu alipokuja Nairobi alikuta nusu ya kwao imemtangulia. Alipofika kwa muuzaji alichota konzi mbili, akatia ndani ya chupa ya soda, akaongeza maji, akatikisa, akaiweka chini na kukaa kando yake kwa subira.

"Mama, huo ni mchanga, si dawa ya kikohozi," muuzaji akamwambia.

"Ngoja."

Baada ya muda mchanga ulitua chini, na juu yake ukatua udongo mzito wa unene wa kidole. Kalondu akamwonyesha. "Hii nusu ni matope. Unaniuzia matope, na mimi matope ninayo nyumbani ya bure." Alirudia mchezo huo kwa wauzaji watatu mpaka akapata mchanga ambao maji yake yalibaki meupe, na kufikia hapo wauzaji wote wa barabara ile walikuwa wakimwona akija na chupa wanajifanya wako kwa simu.

Vyuma alivikunja kwa kufuata mchoro aliouchora chini kwa kamba na msumari. Vikasimama mfano wa pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa, mlango mbele, dirisha nyuma. Halafu ile waya ya kuku, mara mbili ndani, mara mbili nje, na kila mahali inapokutana na chuma akaifunga kwa waya laini kwa koleo ndogo. Siku tisa alifunga mafundo. Wapita njia walisimama kutoa maoni, kwa sababu maoni huku hayauzwi kwa kipimo. Ni kanisa? Ni seli? Mtu mmoja aliuliza kama simba atakuja mmoja au wawili. Siku moja walikuja vijana na dada mmoja wamevaa vizibao vya shirika fulani, wakampiga picha kutoka kila upande na kumuuliza anahisi vipi. Kalondu akasema anahisi njaa. Wakaandika.

Sasa plasta, hiyo haipakwi leo kidogo na kesho kidogo. Inatakiwa ipakwe nyumba nzima siku moja, la sivyo palipoungwa panakuwa mahali pa kupasukia. Kwao Kitui kazi ya namna hiyo inaitwa mwethya: unawaita watu, wanakuja, unawapikia, kesho ukiitwa unaenda. Kalondu alizunguka ploti nzima akiwaita watu waje Jumamosi.

"Ni ngapi kwa siku?" aliuliza Oloo.

"Ni muthokoi, sahani ya mahindi na maharagwe."

"Na baada ya muthokoi?"

"Utaoshwa mikono."

Jumamosi hakuna aliyekuja kufanya kazi. Watu walikuja kutazama tu. Lakini harufu ya muthokoi ilikuwa imetoka tangu asubuhi, na ni vigumu kusimama kando ya sufuria ya watu mikono mitupu ukiona mama wa miaka hamsini na nne anachanganya simenti peke yake, karai moja la simenti kwa mawili ya mchanga, maji kidogo sana, mpaka ikawa ngumu kama unga wa chapati. Nereah ndiye aliyevunjika kwanza. Aliona ile simenti akasema, "Hii kitu naijua," akaingiza mikono. Ikawa hivi: mmoja anashika gunia na ubao kwa ndani, mwenzake anasukuma plasta kwa nje mpaka ipite kwenye waya na kugusa ubao. Nereah alisukuma kama mtu aliyetukanwa. Akina mama sita, kisha tisa. Oloo alisimama mbele, mikono mfukoni, helmeti kichwani, akisema "hapo, hapo, kitaalamu" kila mtu alipofanya jambo ambalo angelifanya tu. Saa kumi na moja nyumba ilikuwa imevaa nguo. Ilikaa pale, ya kijivu, imeinama mgongo, kama kiboko aliyetoka bwawani kuja kuuliza habari.

"Sasa ikauke," akasema Nereah, akipangusa jasho.

"Hapana," akasema Kalondu. "Sasa isikauke."

Hapo ndipo majirani walipoacha kumwelewa kabisa. Kesho yake asubuhi aliifunika nyumba kwa magunia ya viazi, akayamwagia maji. Mchana akamwaga tena. Jioni tena. Nje na ndani. Alisema ni siku kumi na nne, kwamba simenti haikauki kama matope, simenti inakunywa, na ikinyimwa maji inapasuka. Watu walimwona mama mwenye mboga zinazonyauka kwenye meza akimwagilia nyumba mara tatu kwa siku kwa maji ya kununua kwa mtungi. Nereah alimuuliza itaanza kutoa majani lini.

Siku ya nne Everlyne akapiga simu. Mtoto wake, Hope, ana homa, mume yuko safari. Kalondu alimwita Nereah. "Mama Austine, naenda Kawangware, nitarudi kesho. Nitunzie nyumba yangu. Magunia yasikauke."

"Nenda tu, mama. Nyumba ni yetu."

Na Nereah alikuwa anamaanisha, hilo sina shaka nalo. Jioni ile alimwaga maji kama alivyoambiwa. Lakini asubuhi wingu likatanda upande wa Ngong, jeusi, wiki mbili kabla ya wakati wake, na watu wa ploti wakatoka kutazama juu, kisha wakatazama ile nyumba iliyolowa chepechepe chini ya magunia.

Oloo akatikisa kichwa. "Hii mvua ikipata nyumba iko hivi, itarudi kuwa uji. Na mzee alisema ikianguka, mathee anahama."

"Lakini alisema isikauke," akasema Nereah.

"Mama Austine. Wewe umejenga nyumba ngapi?"

"Nne. Za udongo."

"Ukishapaka udongo unafanyaje?"

Kila mtu pale alijua jibu. Ukishapaka udongo unawasha jiko ndani, unafunga mlango, na kufikia jioni ukuta umekauka. Hivyo ndivyo walivyofanya mama zao, na ndivyo ilivyojengwa Gatwekera yote. Kwa hiyo, kwa upendo mtupu, na hapa nakuomba usicheke, walimwokoa. Wakayavua magunia wakayaanika. Nereah akatoa jiko lake la chapati, akiacha kazi siku nzima. Mwingine akaleta la pili, wa tatu akaleta makaa, debe zima, makaa aliyokuwa anauza. Mlango wakauziba kwa bati. Ile mvua haikunyesha. Nyumba ikaiva.

Kalondu alirudi saa tisa alasiri, akawakuta wamejipanga nje kama watu wanaongoja kupongezwa.

"Tumekukaushia," akasema Nereah, uso umejaa masizi na furaha.

Kalondu aliweka mkono ukutani, akautoa. Alizunguka upande wa magharibi. Plasta ilikuwa imekuwa nyeupe, na juu yake, kutoka dirishani mpaka chini, zilikuwa zimechoreka nyufa nyembamba, nyingi, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Alichuchumaa pale muda mrefu. Alikuwa anasikia sauti ya Kimotho, hata kijiko kimoja, na nyuma ya sauti hiyo alikuwa anaona sofa.

"Mama Everlyne, kwani ni mbaya?" akauliza Nereah, polepole.

"Mmefanya kazi nzuri sana," akasema Kalondu. "Kama ingekuwa chapati, ningekula."

Nereah akaelewa. Akakaa chini, akajifunika uso kwa leso.

Kalondu hakumwaga maji hapo hapo. Ukuta wa moto ukimwagiwa maji baridi unazidi kupasuka. Alitoa majiko, akafungua mlango, akangoja upoe. Kisha akarudisha magunia, akayanyunyizia kidogo kidogo. Alfajiri akakoroga simenti na maji ikawa uji mwepesi, akachukua ufagio wa makuti na kuupaka kwenye kila ufa, akisugua mpaka uingie. "Zimepasuka ngozi," alisema. "Kama ile waya ndani imeshika, hazitaenda mbali. Kama haijashika, mvua itatuambia. Lakini sasa inataka maji mara mbili ya yale ya kwanza."

Na wiki ileile, ili hadithi yetu isikose chochote, mifereji ikakauka. Mtungi wa maji ukapanda bei mpaka watu wakaanza kuoga uso na matumaini. Kalondu alikuwa na maji ya kunywa na ya kuoshea mboga, basi. Siku ya kwanza alitumia hayo ya mboga. Siku ya pili, saa moja asubuhi, alisikia kitu kinamwagika nje. Alitoka akamkuta Nereah na beseni.

"Ni ya kusuuzia," akasema Nereah bila kumwangalia. "Ya mwisho. Haina sabuni, nimeonja."

Nyuma yake alikuwepo yule wa makaa na ndoo yake, na nyuma ya huyo mwingine. Waliokuwa wamekausha nyumba walikuwa wamepanga zamu ya kuinywesha. Maji ya kusuuzia nguo, maji yaliyooshea mchele, maji ya mtoto aliyeoga vizuri. Oloo alileta nusu kikombe, akakimwaga mahali alipopachagua kwa makini mno, akasema hapo ndipo mzigo unapokaa kitaalamu. Siku kumi na nne wakazifanya ishirini na moja, kwa sababu Nereah alikataa kuacha.

Halafu Aprili ikaja, na mvua, ambayo haikuwa imeambiwa kwamba kuna makubaliano, ikanyesha kama iliyotumwa.

Ilinyesha siku sita. Siku ya saba, alasiri, maji kutoka juu yalikuja kwa kishindo na vyumba vitatu vya ploti vikaachia kuta, cha Nereah kikiwa cha kwanza. Hakuna aliyeumia. Watu walikimbilia mahali ambapo miguu iliwapeleka. Kimotho alipofika keshoye asubuhi, na buti za mpira na mwavuli wa kampuni ya bima, alikuta maji ya rangi ya chai yanazunguka msingi wa ile nyumba ya mgongo na kuendelea na safari zao, na ndani yake watu wanane wamekaa kwenye mabenchi na magunia, kila mmoja na kikombe.

Hakusalimia. Alienda moja kwa moja kwenye ule ukuta wa magharibi. Alipitisha kiganja juu yake, toka dirishani mpaka chini, akakitazama kiganja. Kikavu. Akachukua ufunguo wake wa gari akagonga. Ukuta ukalia kama kengele ndogo. Akagonga pengine. Ukalia vilevile.

"Hii ni ferosimenti, mzee," Oloo akamweleza, miguu imenyooshwa, chai mkononi. "Mimi niliwaambia tangu mwanzo. Si unene. Ni kujikunja."

Nereah alitaka kumrushia kikombe, ila kilikuwa bado na chai.

"Mama," akasema Kimotho, "umeshinda hata kabla mvua haijaisha. Miaka mitatu, kama nilivyosema. Mimi ni mtu wa neno langu." Watu wakapiga makofi. Kalondu akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu Februari, akamwinulia birika.

Lakini Kimotho hakukaa. Alikuwa ametoa simu, anapiga picha: paa, mlango, kona. Kisha akatoka nje akahesabu hatua toka chumba cha kwanza hadi cha kumi, akarudi na macho yanayong'aa.

"Nataka zote. Ploti nzima, kumi kama hii. Vifaa juu yangu. Fundi ni wewe, mama, na nitakulipa kama fundi. Hii yako utakaa maisha."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Kalondu fundi. Akaweka birika chini. "Na hawa?"

Kimotho akawatazama wale wanane kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. "Hawa watapata mahali. Kibera ni kubwa. Nyumba kama hizi, mama, zitataka watu wa ofisi."

"Na nikikataa?"

"Sikulazimishi." Akaweka mkono kifuani. "Ila angalia hii kitu. Hii si waya ya kuku tena. Hii ni ya kudumu. Ikiwa ploti nzima, nitaongea na wakubwa, nitajua la kusema. Ikiwa moja peke yake hapa kwa kona, na chifu aulize, mimi nitaiteteaje? Itabidi ibomolewe tu. Nitarudi Jumamosi."

Akafungua mwavuli akaenda zake, akikanyaga maji kwa uangalifu. Ndani, Oloo alikuwa anachunguza dari. Nereah alishika kikombe kwa mikono miwili, mikono ileile iliyosukuma plasta, iliyowasha jiko, iliyoleta beseni, na hakumtazama Kalondu hata kidogo, ili asionekane kama anaomba.

Jumamosi ni keshokutwa. Everlyne ameshapiga simu mara mbili, na Kalondu hajashika. Anazunguka nyumba yake, anaigusa, anarudi kukaa. Na wewe uliyekaa nami mpaka hapa, kama ungekuwa ndiwe mwenye huo mwiko mkononi, Kimotho akisimama mlangoni, ungemjibu nini?